Shajara ya silingi: kubandika upya dari la gari nyumbani

Gari ni saluni ndogo ya milango minne, mtumba wa Japani wa mwaka 1998. Mahali ni Tanga, uani kwetu, chini ya mwembe. Dari nitaliita silingi, kwa kuwa ndivyo mafundi wa siti wanavyoliita hapa. Naandika kila hatua inapokwisha, pamoja na nilipoharibu na fedha iliyonitoka, ili anayetaka kuifanya kazi hii aanzie nilipofika mimi.

Jumamosi, 11 Januari 2025. Hali ilivyo

Kitambaa kimeachia kuanzia kioo cha nyuma hadi kwenye taa ya ndani. Kwa nyuma kimeshuka shubiri nzima, na vioo vikiwa wazi kinajaa upepo kama tanga. Kwenye kioo cha kati silioni tena gari linalonifuata, naona kitambaa tu.

Hiyo ni hatari tosha, lakini aliyenifanya nianze leo ni mama. Jana nilimpeleka kwa dada, Pongwe, akakaa siti ya nyuma. Aliposhuka, buibui lake jeusi lilikuwa limejaa unga wa hudhurungi, mabegani na kichwani. Akajipangusa kwa kiganja, unga ukazidi kujipaka. "Mwanangu, hiki ni nini kinachonimwagikia?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Leo nimeingiza mkono juu ya kitambaa nijue. Mgongoni kina tabaka jembamba la sponji, kama milimita 3. Nilipolibonyeza halikurudi juu kama sponji inavyotakiwa. Lilimomonyoka kama keki iliyolala siku tatu, likabaki vidoleni likinata kidogo. Unga wa mama ndio huo.

Jumapili, 12 Januari. Gundi kwa sindano

Jirani alishauri pini za cherehani, nikaona zitamwangukia mtu jichoni. Nikachagua njia ambayo wengi huanza nayo: nimenunua sindano mbili za duka la dawa (shilingi 1,000) na kopo dogo la gundi ya viatu (4,000), nikatoboa kitambaa kila baada ya shubiri, nikasukuma gundi ndani na kukandamiza kwa kiganja. Saa mbili za kazi. Kufika jioni silingi ilikuwa juu, imetulia. Nilifurahi kweli.

Jumatatu, 27 Januari. Imerudi chini

Siku kumi na tano tu. Mahali nilipochoma sindano pameacha madoa ya njano yenye ukubwa wa sarafu, na kitambaa kinaning'inia vilevile.

Nimekikata kipande kimoja nikitazame. Gundi yangu ilikuwa imeshika barabara, ila ilikuwa imeshika unga. Upande mmoja imekamata kitambaa, upande wa pili imekamata vumbi la sponji, na vumbi halina pa kujishikiza kwenye bodi, yaani ule ubao mwepesi ulio kati ya kitambaa na bati la paa. Hapo ndipo nilipoelewa kazi yenyewe ni ipi. Gundi ya kiwandani haikuisha nguvu, bado imo kwenye bodi, ngumu kama rangi. Kilichokufa ni sponji iliyo katikati. Sponji hii ni ya poliyurethani, na joto likikutana na unyevu wa hewa kwa miaka mingi huivunjavunja hadi iwe unga. Mwambao huu tuna vyote viwili mwaka mzima. Kwa hiyo bodi lazima ishuke, na sponji ya zamani itoke yote.

Hasara hadi sasa: 5,000.

Jumamosi, 1 Februari. Kushusha bodi

Tahadhari kwanza, kwa wenye magari mapya kuliko langu. Tazama plastiki za nguzo, pale juu mkanda wa siti unapopita. Ukikuta zimeandikwa SRS AIRBAG, basi ukingoni mwa silingi umelala mfuko wa hewa unaofumka kwa baruti. Kazi hiyo mpe fundi anayeijua mifuko hiyo. Langu halina kitu pembeni, lakini hata hivyo nilitoa waya wa hasi wa betri kwanza, kwa ajili ya taa ya ndani.

Mpangilio niliofuata: kinga-jua mbili, vishikio vya abiria vinne, taa ya ndani, mipira ya milango, plastiki za nguzo zote, mwisho klipu tatu za nyuma karibu na kioo. Skrubu za kila kifaa niliziweka kwenye kikopo chake cha mtindi na kuandika kwa kalamu ya wino mzito. Bisibisi nyota moja na kijiko cha mbao vilitosha. Kijiko cha mbao ni kwa ajili ya kubanjua plastiki, maana bisibisi huacha alama isiyofutika.

Klipu saba zimevunjika. Plastiki ya zamani haivumilii, na mimi nilivuta kwa pupa. Klipu moja ni 1,000 kwa wauza spea wa Ngamiani, jumla 7,000.

Kosa kubwa la leo ni namna nilivyoitoa bodi. Nilililaza egemeo la siti ya kushoto tu, nikaona panatosha, nikaanza kuichomoa kupitia mlango wa mbele. Bodi ni nyuzi zilizogandishwa kwa gundi, nyepesi, ngumu, na haipendi kukunjwa. Ilipofika mlangoni kona ya kinga-jua ilinasa kwenye usukani. Nikasikia "kra". Ufa wa sentimita 20.

Nilisimama nikiishika ile bodi kwa kichwa, sijui niendelee au nirudishe. Nikamwita mpwa wangu, naye akafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo: akazilaza siti zote mbili za mbele hadi zikagusa ya nyuma, akaushusha usukani hadi mwisho, kisha tukaizungusha bodi kidogo upande. Ilitoka bila kugusa kitu. Kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja akiwa ndani na mwingine nje, bodi haikunjwi.

Jumapili, 2 Februari. Kusugua sponji na kuziba ufa

Kitambaa chenyewe kilibanduka kwa dakika mbili, kama ganda la ndizi. Sponji iliyobaki ndiyo iliyokula siku.

Nilianza na brashi ya waya, nikajutia. Kwenye eneo la kiganja kimoja ilikwangua sponji pamoja na uso wa bodi, zikatokeza nyuzi zinazochoma ngozi. Nikahamia brashi ngumu ya kufulia nguo, nikisugua kwa mizunguko midogo bila kukandamiza, na mahali sugu nikamalizia kwa msasa mlaini. Saa tatu na nusu. Ukipitisha kiganja na kikatoka na unga, bado hujamaliza. Nilifuta kwa kitambaa kikavu mara nne hadi kikatoka safi. Maji sikutumia, yanalainisha bodi.

Vaa barakoa na mikono mirefu. Mimi dakika ishirini za kwanza sikuvaa, usiku mzima koo liliwasha. Brashi, msasa na barakoa: 8,500.

Kuhusu ufa, nilifikiria gundi nyeupe ya mbao na kadibodi. Kisha nikawakumbuka mafundi wanaotengeneza boti za faiba pale ufukweni. Mmoja aliniuzia kipande cha faiba na resini kidogo pamoja na dawa yake ya kugandisha, 10,000. Nimebandika mgongoni mwa bodi, upande unaotazama bati, ili uso ubaki laini. Katika nusu saa iliganda, na sasa kona ile ni ngumu kuliko kona nyingine zote.

Jumamosi, 8 Februari. Kubandika mara ya kwanza

Hapa nilitaka kuokoa fedha. Kitambaa maalumu cha silingi sikukiona mjini, nikanunua kitambaa laini cha jezi, kijivu, mita 2.5 kwa 15,000, na kopo kubwa la gundi ya viatu, 14,000. Nilijiambia kwamba kama sponji ndiyo iliyokufa, basi nisiweke sponji kabisa.

Nilipaka gundi kwa brashi ya rangi kwenye bodi, nikatandaza kitambaa, nikapangusa kwa mikono. Kabla sijafika nusu nikaona mistari ya brashi ikitokeza upande wa juu, kila mchirizi wa gundi ukionekana kama mshipa. Sponji ilikuwa na kazi yake, kumbe. Ile milimita 3 inameza mabonde madogo ya bodi na kuizuia gundi isipenye hadi usoni. Kitambaa kitupu hakifichi chochote.

Nikaiacha juani nione mwisho wake. Saa nane mchana kitambaa kilikuwa kimeachia katikati. Gundi imelegea, ukiinua kitambaa inavutika nyuzi nyuzi kama asali. Na hiyo ni uani, penye upepo wa kaskazi, si ndani ya gari lililofungwa vioo.

Hasara nyingine: 29,000. Jioni yote nimebandua na kusugua upya.

Jumanne, 11 Februari. Kwa fundi wa siti

Nimeenda Ngamiani kwa mzee mmoja anayeshona siti za magari tangu mimi niko shule ya msingi. Nilimpelekea kipande cha kitambaa cha zamani na hadithi yote. Aliniamkua kwa kicheko kizuri, akakisugua kile kipande kati ya kidole gumba na cha shahada hadi unga ukaisha.

"Hii imeshakufa, mwanangu. Maiti haishikizwi kwa gundi."

Bei yake ya kazi nzima ni 180,000, na nisingemlaumu mtu akilipa, maana sasa najua jasho lililomo. Nilipomwambia nataka kumaliza mwenyewe hakununa. Alinionyesha kitambaa sahihi, kile chenye sponji iliyogandishwa mgongoni tangu kiwandani, na gundi ya kopo la kupuliza iliyoandikwa kuwa inastahimili joto. Vyote huagiza Kariakoo. Akanipa namba ya duka, kisha akachukua kipande cha bodi nilichokwenda nacho na kunibandikia kitambaa kidogo kwa gundi yake. "Kaifunge garini siku nne. Usiniamini mimi, liamini jua."

Jumapili, 16 Februari. Majibu ya jua

Jaribio lenyewe lilikuwa hivi. Vipande vitatu vya bodi, kila kimoja na kitambaa cha upana wa vidole vitatu kilichobandikwa nusu, nusu ikining'inia. Kwenye ncha inayoning'inia nilibana nati kwa kibanio cha nguo. Nikavifunga chini ya bati la gari, pale silingi inapokaa, vioo vikiwa vimefungwa na gari likiwa juani. Nilitundika pia kipimajoto cha ukutani. Mwisho wake ni nyuzi 50, na kila siku kilifika mwisho kabla ya saa saba mchana. Juu zaidi ya hapo sijui, ila bati lilikuwa haligusiki.

Gundi ya viatu ilidumu hadi saa tano ya siku ya kwanza. Gundi nyeupe ya mbao ilishika vizuri usiku, ikaanza kuteleza polepole siku ya pili, na siku ya tatu nati ilikuwa sakafuni. Gundi ya mzee haikusogea hata milimita kwa siku zote nne. Nilipojaribu kuibandua kwa nguvu, sponji ilichanika kabla gundi haijaachia.

Ningefanya jaribio hili tangu Januari, 34,000 zingebaki mfukoni. Gharama yake ni nati tatu na vibanio vitatu vya nguo.

Nimeagiza Kariakoo: kitambaa mita 2, upana mita 1.5, kwa 36,000. Makopo matatu ya gundi kwa 48,000. Nauli ya kifurushi kwa basi 5,000.

Jumamosi, 22 Februari. Kubandika kwa kitambaa sahihi

Tumeanza saa moja asubuhi, kabla upepo haujaanza kuleta vumbi na majani ya mwembe. Jiko la mkaa tulilihamishia mbele ya nyumba, kwa sababu mvuke wa gundi hii unashika moto.

Bodi imelala juu ya meza mbili, uso juu. Kitambaa kimetandazwa chote kikavu kwanza, kikizidi sentimita 5 kila upande, kisha kikakunjwa nusu kurudi nyuma. Nikapuliza gundi kwenye nusu ya bodi na kwenye mgongo wa kitambaa, pande zote mbili, safu nyepesi, halafu safu ya pili kukatisha ya kwanza. Hapa mkono unawasha kutaka kubandika mara moja. Subiri. Gusa kwa mgongo wa kidole: ikiwa bado inalowesha, mapema, ikinata bila kuacha kitu kidoleni, tayari. Kwetu asubuhi ile ilichukua dakika saba. Ukibandika ikiwa mbichi, majimaji yake yanaingia kwenye sponji na kuilaza, na doa halitoki.

Mpwa wangu alishika ncha, mimi nikalaza kuanzia katikati kwenda nje kwa kiganja kizima. Vidole vinaacha vishimo. Nusu ya pili hivyohivyo. Kufika saa tatu ilikuwa imelala tambarare, kijivu kilichopauka, kama imetoka kiwandani.

Jumapili, 23 Februari. Mabonde

Asubuhi nimekuta imeachia sehemu mbili, kwenye mabonde ya kinga-jua. Bodi ina vibonde viwili mbele, kila kimoja na kina cha kama sentimita 2, kinga-jua zikikunjwa huingia humo. Jana nilikivuta kitambaa ili kisiwe na mikunjo, kikapita juu ya bonde kama daraja, kisha nikakisukuma chini kwa nguvu. Kiliposhinda usiku kikijivuta kurudi, gundi ikashindwa. Kosa hapo ni la mkono wangu.

Dawa yake: nimebandua kuanzia ukingo wa mbele hadi kuvuka mabonde, kama sentimita 40, taratibu, nikivuta karibu na bodi na si kwenda juu. Hata hivyo sponji imechanika sehemu tatu ndogo. Nikakwangua mabaki, nikapuliza gundi mpya kutoka kopo la tatu, nikasubiri, safari hii nikaanza na sakafu ya bonde. Kitambaa kinaingia bondeni kikiwa kimelegea, kinakandamizwa kwenye kona yake kwa mgongo wa kijiko kilichoviringishwa kitambaa, ndipo kinapandishwa kuta na kutoka nje. Usivute hata kidogo hadi bonde limekamilika. Mikunjo inayobaki inasukumwa ukingoni, huko itafichwa na mpira wa mlango.

Palipochanika sponji pameacha kishimo kimoja kama cha punje ya mahindi. Kinga-jua ya dereva inakifunika.

Jumamosi, 1 Machi. Kurudisha

Ramadhani i mlangoni, nilitaka gari liwe tayari kumpeleka mama tarawehe.

Kingo zilizozidi nimezikunja nyuma ya bodi na kuzibandika, isipokuwa upande wa kioo cha mbele nilikokata sambamba. Matundu ya skrubu niliyatafuta kwa kuchoma sindano kutoka mgongoni, kisha nikakata alama ndogo ya msalaba kwa wembe. Tundu la taa usilikate duara zima. Msalaba unatosha, masikio yake yanakunjwa ndani. Bodi iliingia kwa njia ileile iliyotokea, siti zote mbili zimelala, watu wawili, mikono imenawishwa kwa sabuni. Kinga-jua na taa ndivyo vilivyofungwa kwanza ili viishike bodi juu, mengine yakafuata.

Jumla ya fedha iliyotoka: 148,500. Ukitoa sindano, kitambaa cha jezi na gundi za viatu, kazi yenyewe ni 114,500, na mwenye subira na klipu atapunguza zaidi.

Jumapili, 4 Mei. Baada ya masika kuanza

Machi yote jua lilichoma na silingi haikusogea popote. Wiki iliyopita mvua ilipiga usiku kucha, na asubuhi nikakuta doa la maji lenye upana wa kiganja nyuma, karibu na kioo, kitambaa kimevimba hapo.

Maji hayatoki kwenye gundi. Nimeshusha klipu za nyuma tu, bodi ikainama kiasi cha kuingiza mkono, nikamwomba mpwa wangu amwage maji juu ya bati kwa kopo. Yaliingia kwenye tundu la antena. Raba yake imekauka na kupasuka, na mchirizi wa kutu ulioachwa kwenye bati si wa mwaka huu. Kwa hiyo unyevu ulikuwa ukiingia hapo muda mrefu, na ndiyo maana silingi ilianza kuanguka kwa nyuma. Mwezi mzima bati lilikuwa wazi mbele ya macho yangu na sikulimwagia maji hata mara moja. Wewe limwagie kabla hujarudisha bodi.

Nimekwangua kutu, nikapaka rangi ya kuzuia kutu, nikaweka raba mpya na silikoni kuizunguka: 6,500. Kitambaa nimekikausha kwa feni siku mbili na kukibandika upya kwa gundi iliyobaki kwenye kopo la tatu. Doa limeacha ukingo hafifu wa njano. Jana usiku mvua imenyesha tena, na leo asubuhi nimepitisha kiganja pale nyuma: pakavu.